Ufunguo wa mpangaji aliyehama ulifungua mlango wangu. Sheria inasemaje kuhusu usalama wa nyumba za kupanga?

Dada wa Segerea

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana najua humu wengi tumepanga.

Mwezi wa tatu nilihamia chumba na sebule, nyumba ya wapangaji sita yenye geti moja. Kodi 150,000 kwa mwezi, nikalipa ya miezi sita kwa mkupuo, 900,000, na dalali naye akachukua ya mwezi mmoja. Siku ya kukabidhiwa nikapewa ufunguo mmoja. Nikauliza wa pili uko wapi. Mama mwenye nyumba akanijibu kwamba mpangaji aliyetoka aliondoka nao, ila nisiwe na wasiwasi, ni kijana mstaarabu. Nikamwomba abadilishe kitasa. Akasema nikitaka nibadilishe mwenyewe. Mfukoni nilikuwa nimebaki na nauli ya wiki, nikaacha.

Wiki ya tatu nikarudi kazini saa moja jioni. Mlango umefungwa vilevile nilivyouacha asubuhi. Ndani televisheni haipo, laptopu haipo, mtungi wa gesi haupo. Hakuna kilichovunjwa, hata dirisha. Kituoni swali la kwanza nililoulizwa ni wapi pamevunjwa, na sikuwa na pa kuonyesha. Nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu polisi, nikarudi nyumbani kukaa kwenye kochi nikitazama ukuta.

Kesho yake nikamfuata mama mwenye nyumba. Jibu lake: "Mimi nakodisha chumba mwanangu, silindi vitu vya mtu." Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilinikaa rohoni. Nadhani anaamini hivyo kabisa, na mimi mwenyewe mpaka siku ile nilikuwa naamini hivyo.

Nikaanza kusoma. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, siku hizi Sura ya 113, ina sehemu nzima ya mikataba ya pango. Kifungu cha 88 kinaingiza ahadi za mwenye nyumba ndani ya kila mkataba wa pango, hata kama karatasi yenu haikuziandika. Kuna ahadi kwamba utakaa kwa amani na utulivu bila yeye au watu wake kukuingilia. Kuna ahadi kwamba kama umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zote mnazotumia pamoja, pamoja na njia za kupita, atazitunza yeye. Na kuna ile iliyonishangaza kuliko zote: chumba kinachopangishwa kwa makazi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku unapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa pango.

Swali langu kwenu: chumba ambacho mtu mwingine ana ufunguo wake kinafaa kukaliwa? Na nani anapaswa kulipia kitasa?

Mzigua_Tanga

Pole sana dada. Yaliwahi kunikuta, mimi walinibebea hadi pazia.

Mzee wa Kibamba

Pole binti yangu. Niseme kwa upande wa pili, mimi ni mwenye nyumba, nina vyumba vinane nilivyojenga kwa kiinua mgongo.

Huyo mama alikosea. Mpangaji anapotoka na ufunguo hajarudisha, kitasa kinabadilishwa kabla ya kumwingiza mwingine. Mimi huwa nafanya hivyo, na gharama namkata aliyeondoka na ufunguo kama ana amana kwangu, kama hana nabeba mwenyewe.

Lakini mnisikilize na sisi. Mwaka jana mpangaji wangu mmoja alibadilisha kitasa kimyakimya akasafiri kwenda Songea msibani. Bomba la chooni kwake likapasuka usiku. Maji yakapita ukutani hadi chumba cha jirani, godoro la mtoto likaloa, na mimi sina ufunguo, simu yake haipatikani. Tulivunja mlango mbele ya mjumbe wa mtaa. Aliporudi akasema nimemvamia. Sasa mwenye nyumba afanye nini? Asiwe na ufunguo kabisa?

karani_mstaafu

Nimefanya kazi kwenye masijala ya baraza la ardhi miaka mingi. Mimi siyo wakili, ila mafaili ya mambo haya yamepita mikononi mwangu hadi nimechoka. Nianze na Mzee, kisha nirudi kwa dada.

Mzee, kifungu hichohicho cha 88 kinakupa haki ya kuingia kukagua hali ya nyumba au kufanya matengenezo. Wewe mwenyewe, au mtu uliyemtuma. Ila kwa muda unaofaa, na bila kumsumbua mpangaji kupita kiasi katika matumizi yake ya nyumba. Kwa hiyo bomba likipasuka usiku, ukaita mjumbe na jirani mkafungua kuokoa mali, hakuna atakayekulaumu. Lakini kuingia saa nne asubuhi yuko kazini ili uone kama anapika kwa jiko la umeme, hapo umevuka.

Watu wengi hawajui tofauti ya kumiliki na kushika. Nyumba ni yako, lakini mpangaji akishalipa, chumba kiko mikononi mwake. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 299, inapozungumzia kuingia kwa jinai inataja mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine. Haisemi mali inayomilikiwa na mtu mwingine. Ukiingia kwa nia ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi anayekaa humo, hati ya nyumba haikuokoi. Na Katiba yetu ya 1977 ibara ya 16 inalinda maskani ya kila mtu, haijasema maskani aliyoyajenga mwenyewe.

Suala la ufunguo wa akiba nimeona njia moja inayofanya kazi. Ufunguo unatiwa kwenye bahasha, bahasha inafungwa, pande zote mbili zinasaini juu ya gundi, inakaa kwa mwenye nyumba au kwa mjumbe. Siku ikifunguliwa kwa dharura kila mtu anaona imefunguliwa, na sababu inaandikwa. Gharama yake ni bahasha tu.

Sasa dada. Nitakuambia ukweli ambao hautakufurahisha. Sheria haikutaja neno kitasa. Haikutaja nondo, taa ya nje wala mlinzi. Imesema "kufaa kukaliwa" na "sehemu za pamoja", hayo mengine yanabishaniwa. Geti bovu, korido isiyo na taa, ukuta wa fensi uliobomoka, hapo una nguvu kubwa, kwa sababu ni sehemu za pamoja na ni zake moja kwa moja. Mlango wa chumba chako una nguvu kidogo kuliko hapo, lakini wewe una kitu ambacho wengi hawana: aliukabidhi mlango akijua ufunguo mwingine uko nje, na ulimwambia.

Una ushahidi kwamba ulimwambia?

Dada wa Segerea

Nilimwambia kwa mdomo tu. Ila baada ya wiki moja nilimkumbusha kwa meseji, akajibu "tutaona mwezi ujao". Meseji ninayo.

karani_mstaafu

Usiifute. Piga picha ya kioo cha simu (screenshot), mtumie na ndugu yako aitunze. Meseji hiyo ina thamani kuliko mkataba wako wote.

Kuhusu kulipwa vitu vilivyoibiwa, usijenge matumaini makubwa. Mwenye nyumba hawi mdhamini wa mali zako kwa sababu tu umepanga kwake. Aliyeiba ni mtu mwingine. Ili umbane inabidi uonyeshe kwamba uzembe wake ndio uliofungua njia, yaani alijua hatari, alikuwa na uwezo wa kuiondoa, akaacha. Meseji inasaidia mawili ya kwanza. Lakini nani atathibitisha kwamba mwizi alitumia ufunguo ule na siyo ufunguo wa bandia? Hapo ndipo kesi nyingi hufia.

Gongo_la_Mboto_Mjini

Mimi ningekata hela ya kitasa kwenye kodi inayofuata, basi. Kwa nini kuzungushana?

karani_mstaafu

Usifanye hivyo bila maandishi yake. Kodi ikikaa mwezi mzima bila kulipwa, sheria inampa mlango wa kukupa notisi ya kusitisha pango. Utakuwa umetoka kwenye kosa lake ukaingia kwenye lako. Mwandikie kwanza: nitatengeneza, bei ni hii, nitakata mwezi fulani, naomba usaini. Akisaini, kata.

Pwani254

Salamu kutoka Nairobi, ingawa mimi ni wa Kilifi. Nimesoma uzi huu nikaona shida zetu zimezaliwa na mama mmoja.

Huku kwetu Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, ina maneno karibu sawa na hayo yenu: utulivu wa mpangaji, sehemu za pamoja, nyumba kufaa kuishi. Tena Katiba ya 2010 ibara ya 43 inataja haki ya makazi ya kutosha na usafi unaofaa. Lakini teremka mitaa ya Nairobi kama Pipeline au Huruma uone. Mtu akichelewesha kodi, keretaka, yaani msimamizi wa nyumba, anakuja na kufuli yake anaifunga juu ya yako, au anang'oa mlango kabisa anaondoka nao. Fikirieni mama na watoto wamelala nyumba isiyo na mlango. Ni hila ya kumtoa mtu bila kwenda kortini, na haina ruhusa ya sheria yoyote.

Tuna Mahakama ya Udhibiti wa Kodi chini ya Sura ya 296, ila inashughulika na nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nairobi ya leo chumba cha bei hiyo ni cha kutafuta kwa tochi. Walioachwa nje ya kiwango hicho ni wengi mno, na kiwango hakijaguswa kwa miaka. Hilo linaniuma kweli.

Halafu kuna usalama wa jengo lenyewe. Aprili 2016 jumba la ghorofa sita lilianguka Huruma usiku wa mvua, kando ya mto, wakafa watu wapatao 50. Jumba hilo lilikuwa limeshaorodheshwa libomolewe, na bado watu walikuwa wanalipa kodi mle. Kwa hiyo tukiongea vitasa tuongee na nyufa. Ukiona ufa unaopita nguzo, usingoje notisi.

Fundi Umeme Temeke

Nakazia hapo kwa Pwani254. Mimi naingia nyumba za kupanga kila siku. Mita ni ya TANESCO, lakini kuanzia kwenye mita kuingia ndani ni mali na jukumu la mwenye nyumba. Utakuta vyumba sita vinalishwa na waya mmoja mwembamba uliovutwa na kijana wa mtaani asiye na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, waya wa ardhini (erthi) hakuna kabisa, soketi nyeusi kwa kuungua. Mpangaji anaambiwa "usitumie pasi pamoja na friji". Hayo siyo masharti ya nyumba, hiyo ni hatari iliyopewa jina la masharti.

Ukigusa bomba la maji au mlango wa chuma ukasikia unatetemesha, zima meinswichi, piga simu, andika. Hapo usisubiri mwisho wa mwezi.

Mwanachuo_wa_Kike

Samahani naingilia. Sisi tumepanga wasichana wanne karibu na chuo. Baba mwenye nyumba ameweka kamera kwenye korido, anasema ni ya usalama wetu. Lakini inatazama mlango wa bafu, na tunatoka na khanga. Anaangalia kwenye simu yake. Tukimwambia anasema nyumba ni yake. Tunaweza kumkatalia?

Dada wa Segerea

Mdogo wangu, mnaweza, na msione aibu kusema.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Picha yako inayokutambulisha ni taarifa yako binafsi. Anayeikusanya lazima awe na lengo halali, na asichukue zaidi ya kinachohitajika kwa lengo hilo. Kulinda geti ni lengo halali. Kutazama mlango wa bafu hakulindi geti. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Anzeni kwa kumwandikia wote wanne kwa pamoja, saini nne, kwamba kamera igeuzwe itazame mlango mkuu. Msiende mmoja mmoja.

Mama Halima

Na kabla hajaigeuza, tundikeni shuka kwenye korido leo hiihii. Barua itafuata. Nina binti chuoni, nimesoma hapo mwili ukanisisimka.

Zimamoto Mstaafu

Nimewaacha mwongee wezi, sasa niwaletee jambo ambalo limenikosesha usingizi miaka yote ya kazi.

Nondo za madirisha. Kila mpangaji anauliza kama nyumba ina nondo, na mwenye nyumba anajivunia nondo nene. Kisha mlango mmoja wa kuingilia, na nje ya mlango ule geti la chuma la kufungwa kwa kufuli. Mtu analala, amefunga geti kwa ndani, ufunguo kauweka chini ya godoro au kwenye mkoba. Moto unaanza sebuleni, kati yake na mlango. Moshi unajaza chumba kidogo kwa dakika chache, taa zinazimika, na yeye anapapasa kutafuta ufunguo. Nimewahi kufika mahali tukakuta mikono imeshika nondo. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Tafadhalini. Ufunguo wa geti la ndani uwe na msumari wake, mahali pamoja, kila mtu wa nyumba aweze kuufikia gizani, hata mtoto, ila mbali na dirisha mkono wa mwizi usifike. Mwombeni mwenye nyumba dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo za bawaba zinazofunguka kwa ndani. Fundi wa kuchomelea anazijua. Mwizi wa nje hapati chochote cha kumsaidia, na nyie mnapata njia ya pili.

Na jiko la mkaa msiliingize ndani usiku kwa sababu ya baridi au mvua mkafunga madirisha. Ile hewa yake haina harufu wala rangi, mtu anapitiwa na usingizi asiamke. Namba ya zimamoto ni 114, bure, waandikieni watoto ukutani.

Mzee wa Kibamba

Afande, umenigusa. Nyumba yangu madirisha yote ni nondo za kudumu, nilichomelea mwenyewe mwaka 2011 nikidhani nawalinda. Jumamosi namwita fundi, naanza na vyumba vya nyuma ambavyo havina mlango wa uani.

Dada wa Segerea

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tano.

Nilimwandikia mama mwenye nyumba barua kuhusu kitasa, geti lisilo na komeo na taa ya korido isiyowaka. Hakujibu kwa siku kumi. Nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa na nakala ya barua, meseji na RB. Mwenyekiti akatuita wote wawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini niliposoma kifungu cha 88 kwa Kiswahili cha kawaida, mama akanyamaza, kisha akauliza, "Kumbe hata geti ni juu yangu?" Kweli alikuwa hajui. Miaka kumi na mbili anapangisha, hakuna aliyewahi kumwambia.

Tuliandikiana hivi: yeye analipia kitasa kipya cha mlango wangu chenye funguo tatu, mbili kwangu, moja kwenye bahasha iliyosainiwa kama alivyoshauri karani. Geti linatengenezwa komeo ndani ya wiki mbili, na taa ya korido inarudishwa. Vitu vyangu hakukubali kulipa, na mwenyekiti alisema hilo haliwezi yeye.

Nikaenda kuulizia njia iliyobaki. Siku hizi Baraza la Kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui, tangu marekebisho ya mwaka 2021. Likishindwa linakupa hati ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na zikipita siku 30 bila usuluhishi unaweza kwenda bila hati hiyo. Nikaambiwa pia mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Wangu haukuwa umelipiwa, kama ya wengi humu. Nilipata ushauri wa bure kwenye kituo cha msaada wa kisheria, wanasheria wakapima kesi, wakaniambia yaleyale ya karani kuhusu ushahidi wa ufunguo. Nimeamua kutoendelea na madai ya vitu. Inaniuma, laptopu ile ilikuwa na kazi zangu za miaka minne. Lakini sitaki kudanganya mtu humu kwamba nilirudishiwa.

Kitasa kimewekwa. Geti bado linasuasua, fundi amekuja mara moja.

Mzigua_Tanga

Naomba hiyo barua dada, hata kama umeficha majina. Mimi kuandika barua ya namna hiyo sijui pa kuanzia.

Dada wa Segerea

Hii hapa, badilisheni yanayowahusu:

"Mama, shikamoo. Ninaandika kuhusu chumba na sebule nilichopanga kwako tangu mwezi Machi. Siku ya kukabidhiwa nilipewa ufunguo mmoja, na ulinieleza kwamba ufunguo wa pili uko kwa mpangaji aliyehama. Nilikuomba kitasa kibadilishwe siku hiyo, na nikakukumbusha kwa meseji baada ya wiki moja. Chumba kiliibiwa bila mlango kuvunjwa, na RB ninayo. Pia geti halina komeo na taa ya korido haiwaki. Kwa mujibu wa kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ninaomba ndani ya siku 14 kitasa kibadilishwe, geti litengenezwe na taa irudishwe. Fundi akija nijulishwe siku moja kabla ili niwepo. Nitaendelea kulipa kodi yangu kwa wakati kama kawaida. Ahsante."

Niliandika nakala mbili. Moja nikamwachia, nyingine akasaini kwamba ameipokea na tarehe. Angekataa kusaini, ningeipeleka pamoja na jirani mmoja awe shahidi.